Tupeane uzoefu: filamu ya Brazil iliyokugusa ni ipi, na ilikugusa kwa nini?

Mjukuu wa Manamba, Kigoma
Wakuu, habari za jioni. Ukitaja sinema ya Brazil wengi wanaishia Cidade de Deus. Mimi naanza na Central do Brasil ya Walter Salles, ya mwaka 1998. Dora, mwalimu mstaafu, ameweka meza kwenye stesheni ya treni Rio de Janeiro, anawaandikia barua wasiojua kusoma wala kuandika. Wanamlipa, wanamfungulia mambo yao ya ndani kabisa, na barua nyingi hazifiki posta. Nyingine anazichana jioni nyumbani kwake, nyingine zinalala kwenye droo.

Babu yangu alikwenda kukata mkonge Tanga. Barua zake aliandikiwa na mtu mwingine, na huku bibi alisomewa na mtu mwingine. Ikafika wakati zikakatika, ukoo mzima ukamlaumu babu kwamba ametupa familia. Nilipoiona ile droo ndipo nilipowaza kwamba huenda mzee aliandikisha kweli, zikaishia njiani. Nilimpigia mama usiku uleule.

Fernanda Montenegro hampambi Dora hata kidogo. Tamasha la filamu la Berlin walimpa tuzo ya mwigizaji bora wa kike, na filamu yenyewe ikachukua Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha hilo. Yule mtoto, Vinícius de Oliveira, alikuwa akisafisha viatu uwanja wa ndege kabla Salles hajamchukua. Haya, leteni zenu. Nataka kisa chako, alama ulizoipa hazinihusu.

Mwana Kibra, Nairobi
Mimi bado niko na Cidade de Deus (2002), na nina sababu. Fernando Meirelles alipoimaliza alikuja Kenya kupiga The Constant Gardener, iliyotoka 2005, na sehemu yake ni hapa Kibera. Nilikuwa mdogo, tulizifuata zile kamera hadi giza likaingia. Nilipokua nikaitafuta kazi yake ya Brazil, nikagundua mpiga picha ni yuleyule, César Charlone. Ukizitazama zote mbili utaona: kamera inapita kichochoroni kwa mwendo wa mtu anayekaa humo.

Kilichonishika zaidi ni waigizaji. Vijana wengi walitoka kwenye favela zenyewe, yaani mitaa ya mabanda ya kule, wakafundishwa kuigiza kabla ya kupiga filamu. Buscapé, kijana anayesimulia kisa, anataka kamera tu, wenzake wanataka bunduki. Mimi leo napiga picha za harusi, na kamera ya kwanza niliazimwa na jirani.

Mama Zuhura, Muscat
Kaka zangu, mimi nina moja tu: Que Horas Ela Volta? ya Anna Muylaert, mwaka 2015. Val ametoka Pernambuco, anafanya kazi za ndani kwa matajiri São Paulo. Amemlea mtoto wa bosi, Fabinho, mpaka analala mapajani mwake, na wake mwenyewe, Jéssica, kamwacha kwao. Binti anakua, anakuja mjini kufanya mtihani wa kuingia chuo. Anafikia kwenye nyumba ile na hajui mipaka ambayo mama yake anaijua bila kuambiwa. Anakaa mezani. Anakula aiskrimu isiyo yake. Akiingia kwenye bwawa la kuogelea, mama mwenye nyumba anaagiza maji yatolewe, eti ameona panya.

Regina Casé aliyemwigiza Val sijui nimweleze vipi. Kuna mahali anampa bosi zawadi ya vikombe vya kahawa, anaambiwa aviweke, vitatumika siku maalumu. Siku ya sherehe anavitoa kwa furaha, anakemewa. Niliilia ile sehemu kuliko nyingine zote, kwa sababu mimi nilimpelekea mama mmoja kanga ya kwetu Tanga.

Zuhura wangu nilimwacha ananyonya. Watoto wa hapa wananiita mama. Nilimtumia ile filamu, akaniuliza, "Mama, na wewe kuna kiti hukai?" Nikamjibu ukweli.

Mjukuu wa Manamba
Dada, pole kwa yote. Binti yuko wapi sasa?

Mama Zuhura
Kidato cha nne, kaka. Mwombeeni.

Kivu Yetu, Uvira
Mungu amsaidie. Mimi ni Ainda Estou Aqui, Salles tena, 2024. Januari 1971, wakati wa utawala wa kijeshi, Rubens Paiva anachukuliwa nyumbani kwake Rio na harudi. Mkewe Eunice anasomea sheria, na mwaka 1996 ndipo serikali inampa cheti cha kifo. Sisi tuna mjomba aliyechukuliwa, hatuna kaburi wala karatasi. Wapiga picha wa jarida wanataka familia ikae kwa huzuni, Eunice anawaambia watoto watabasamu. Shangazi yangu ndivyo alivyo kwenye kila picha, na tulikuwa tunamsema vibaya kwa hilo.

Ilipata Oscar ya filamu ya kimataifa mwaka 2025, ya kwanza kwa Brazil. Eunice ni Fernanda Torres, na Eunice wa uzeeni ni mama yake mzazi, Montenegro, Dora yuleyule wa Mjukuu wa Manamba.

Baharia wa Msimbati, Mtwara
Kireno nilikiokota Pemba ya Msumbiji kwenye biashara ya samaki, hivyo nasikiliza bila maandishi ya chini. Tafuteni O Pagador de Promessas ya 1962, iliyoshinda tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Mkulima anabeba msalaba hadi kanisani Salvador kutimiza nadhiri, punda wake amepona. Padri anamfungia mlango kwa kuwa nadhiri aliiweka kwenye nyumba ya Candomblé, dini ya Brazil yenye asili ya Afrika. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, msikate tamaa dakika za mwanzo.