Naomba ushauri: somo la Farisayo na mtoza ushuru

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Naandaa Luka 18:9–14 kwa kikundi cha Biblia: mfano wa Yesu kuhusu Farisayo, mtu wa dini aliyejisifu katika sala, na mtoza ushuru aliyeomba rehema. Ugumu ni kwamba kila mtu humwona Farisayo kwa jirani yake, kisha tunashukuru kwamba sisi si kama yeye. Kosa lile lile la Farisayo, aliyemshukuru Mungu kwamba yeye si kama watu wengine! Nimejaribu kuunganisha na Mathayo 7:1–5 (“msihukumu”), wengine wakahitimisha kuwa kuonyana ni marufuku, ilhali aya ya 5 inasema toa kwanza boriti jichoni mwako, ndipo ukitoe kibanzi jichoni mwa ndugu yako, na Mathayo 18:15 inaagiza umwendee ndugu aliyekukosea mkiwa peke yenu.

Je, Wagalatia 6:1, inayosema aliyekosea arejezwe kwa roho ya upole, niiweke kabla ya mfano au baada? Na ni swali gani humfanya mtu ajichunguze bila kulazimika kuungama hadharani?