Tupeane uzoefu: kujikanda taratibu nyumbani kusaidia mfumo wa limfu

Mkono Mwepesi (mwanzisha uzi)
Wanajamvi, salaam. Nilifanyiwa upasuaji wa saratani ya titi na tezi za kwapa la kushoto zikaondolewa. Miezi minane baadaye pete ikaanza kunibana, na kila jioni mkono unakuwa mzito kama nimeshinda na ndoo. Nikamwomba binti yangu anichue kwa mafuta, tena kwa nguvu, jinsi tulivyozoea. Ukavimba zaidi.

Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye aliyeniweka sawa. Mishipa midogo ya limfu, yaani ile inayokusanya maji yaliyobaki mwilini na kuyarudisha kwenye damu, imepita chini tu ya ngozi na ni laini mno, ukikandamiza unaibana. Kinachotakiwa ni kuivuta ngozi polepole kisha kuiachia, bila mafuta, maana kiganja kikiteleza ngozi haivutiki. Na hauanzii kwenye uvimbe! Mimi huanza na pumzi tano za tumboni, kisha shingoni juu ya mitulinga, ambako limfu hurudi kwenye damu. Nikitoka hapo ni kwapa la kulia, lile lenye tezi zake, halafu naivuta ngozi ya kifua kuelekea huko. Ndipo nije bega la kushoto, mkono wa juu, na vidole mwisho kabisa. Ni kama mfereji ulioziba: unazibua mbele kwanza ili maji ya nyuma yapate pa kwenda.

Robo saa kila jioni, na uzito unapungua. Lakini soksi ya kubana mkono sijaiacha, kukanda peke yake hakukunitosha. Wenzangu mnafanyaje?

Baba Pacha
Pole sana dada. Mimi ni miguu, kazi yangu ya kukaa. Nilipimwa moyo na figo kwanza, vikaonekana salama. Limfu haina moyo wake wa kuisukuma, inategemea misuli, pumzi na mishipa yenyewe kujikaza, kwa hiyo kwangu kuchezesha vifundo vya miguu kila saa kumesaidia kuliko kukanda.

Kitinda Mimba
Naomba niwape tahadhari. Mama yangu alivimba mguu mmoja ghafla, shavu la mguu linauma na lina joto. Nilishakaa chini nimkande. Sijui nini kilinizuia, tukaenda hospitali: damu imeganda kwenye mshipa. Daktari alisema bonge lile lingeweza kung'oka likaenda mapafuni. Mpaka leo nikikumbuka mikono inatetemeka. Mguu mmoja ukivimba ghafla, usiuguse.

Tulizo
Mimi hutoka mitoki shingoni nikipata mafua. Niikande?

Nesi Mstaafu
Tulizo mwanangu, iache. Tezi inapambana na ugonjwa, itanywea yenyewe. Ikipita wiki mbili haijapungua, au ni ngumu na inazidi kukua, nenda ukapimwe.

Kitinda Mimba, ulifanya jambo la maana sana. Naongezea: ngozi ikiwa nyekundu, ya moto, na una homa, hayo ni maambukizi. Acha kukanda, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mwenye moyo au figo zilizochoka asianze bila ruhusa ya daktari, kwa sababu maji unayoyasukuma yanarudi kwenye damu, na moyo ndio utakaoyabeba.

Njia hii ilianzishwa na Emil Vodder na mkewe Estrid, Wadenmark waliokuwa wakifanya kazi Ufaransa miaka ya 1930. Siku hizi inauzwa kama dawa ya kutoa sumu na kupunguza unene. Mimi siungi mkono maneno hayo. Inasaidia uvimbe, na hilo si dogo. Mkono Mwepesi, linda ngozi ya mkono huo: osha, kausha katikati ya vidole, paka losheni, hata mchubuko mdogo usiudharau.

Mkono Mwepesi
Asante mama. Losheni napaka usiku, nikishamaliza kukanda. Kila Jumapili asubuhi napima mikono yote miwili kwa futi ya fundi cherehani, sehemu zilezile, naandika daftarini. Mwezi uliopita kushoto kulizidi kulia kwa sentimita tatu. Juzi ilikuwa moja na nusu.