Redio ya sebuleni kwa Bibi

Kassim: Asalaam aleikum ndugu. Mchango wa redio ya Bibi umefika milioni moja na laki mbili. Risiva, yaani ile mashine ya kuendesha spika, tuchukue ipi? Spika nazo zitoke humo humo.

Idi Houston: Wa aleikum salaam. Ninayo Sony STR-DH590 imekaa tu stoo. Nawapa bure, nilipieni usafiri.

Mjomba Hamisi: Idi, igeuze nyuma usome palipoandikwa AC.

Idi Houston: Shkamoo mjomba. 120V 60Hz.

Mjomba Hamisi: Marahaba. Huku ni 230. Ukiichomeka hivi hivi, moshi. Itataka transfoma ya kushusha umeme, dude zito linalounguruma. Rahisi ghali hiyo.

Salim Muscat: Huku umeme ni kama wa huko, hata plagi ni hii hii ya pini tatu bapa. Jirani anahama, anauza Yamaha RX-V385. HDMI nne za kuingiza, moja ya kutoka, na ARC inayo.

Dada Rehema: ARC ndio mdudu gani?

Salim Muscat: 😂 Unachukua waya mmoja wa HDMI, unatoa kwenye tundu la TV lililoandikwa ARC, unachomeka kwenye lile tundu la kutoka la risiva. King'amuzi kinabaki kwenye TV, sauti inapita waya huo huo. Ila CEC, ile ya TV na risiva kuwasiliana, iwashwe kwenye mipangilio ya TV.

Dada Rehema: Nipo kwa Bibi, nachungulia nyuma... vumbi tupu. HDMI 1, HDMI 2 (ARC). Ipo!

Kassim: Mimi Kariakoo nimeonyeshwa sabufa laki tatu tu, katoni imeandikwa wati 12,000.

Mjomba Hamisi: Soketi ya ukutani ya ampia 13 mwisho wake wati 3,000 hivi. Hizo 12,000 zinatoka wapi? Ni PMPO, namba ya kuuzia katoni. Yamaha wameandika wati 70 kwa chaneli na inatosha sebule ile.

Kassim: Haya. Spika basi tutumie zile za deki ya DVD ya marehemu Babu.

Mjomba Hamisi: Nyuma zimeandikwa ohm ngapi, yaani ukinzani wa spika?

Kassim: 3.

Mjomba Hamisi: Ziache. Risiva hiyo inataka 6 kwenda juu. Ukipandisha sauti na hizo itachemka ijizime, na ukiizoesha itaungua.

Shangazi Zuhura: Mnabishana wati, shida ya Bibi mnaijua? Tamthilia hasikii wanachosema! Muziki unapasua masikio, watu wananong'ona. Kila saa "Zuhura, kasemaje huyo?"

Mjomba Hamisi: Hapo dada umenena. Basi hela iende kwenye spika ya senta, ile ya katikati; kwenye 5.1, yaani spika tano na sabufa moja, maneno karibu yote hupita hapo. Tuanze na tatu: kushoto, kulia, senta. Risiva tunaiambia sabufa na za nyuma hazipo, inagawa yenyewe. Halafu senta unaipandisha peke yake.

Kassim: Na siku ya Simba na Yanga bila sabufa?

Shangazi Zuhura: Sabufa mtachanga wenyewe, na mtaiweka kwenu.

Mjomba Hamisi: Salim, hakikisha rimoti ipo, na kile kimaiki cha kupimia chumba. Wauzaji wa mitumba hukisahau.

Salim Muscat: Vyote vipo, nimeviona. Nani anakuja Dar? Ina kilo karibu nane.

Shangazi Zuhura: Atakayeileta aje na halua.