Mtangazaji asema Jambo Bwana ni wimbo wa Boney M., na Mombasa nzima imenyamaza!

Ndugu zangu, nimekasirika na sifichi. Jana usiku nilikuwa kwenye kinyozi changu hapa Mwembe Tayari, mteja nishamnyoa upande mmoja, redio inaimba. Stesheni moja ya hapa hapa mjini ilikuwa na kipindi cha nyimbo zilizotamba duniani. Mtangazaji akapiga Jambo Bwana ya Boney M., kundi la Ujerumani, kisha akasema, tena kwa kujiamini, kwamba bendi za hoteli za pwani ziliukopi kwao ili kuwafurahisha watalii.

Nilizima mashine. Mteja akanitazama kwenye kioo, asijue amenikosea nini.

Jamani, wimbo ule ni wa Them Mushrooms, bendi ya Mombasa! Aliyeutunga ni Teddy Kalanda Harrison, aliyekuwa kiongozi wao. Santuri yao ilitoka 1982. Boney M. waliurekodi 1983. Sasa nani alimkopi nani? Marehemu babangu aliinunua ile santuri, na mpaka leo ninayo. Karatasi ya katikati imefifia, lakini jina la Harrison linasomeka ukiiinamisha kwenye taa.

Nikapiga simu stesheni mara nne bila kupokelewa. Mara ya tano kijana akapokea, akaniambia, "Mzee, hata kwenye intaneti ndivyo ilivyo," akakata. Basi mpwa wangu wa miaka 12, aliyekuwa akifagia nywele, naye akaniuliza, "Mjomba, kwani si wimbo wa ile filamu ya simba?" Huyo simlaumu, ni mtoto. Nikamwambia filamu ile, The Lion King, ilitoka 1994, miaka 12 baada ya santuri ya babu yake. Wimbo wetu nao una maneno "hakuna matata", lakini Hakuna Matata ya mle ndani ni wimbo mwingine kabisa, wa Elton John na Tim Rice. Albamu ya filamu ikakaa kileleni mwa chati za Marekani, na tangu hapo mtoto wa Mombasa akisikia maneno ya nyumbani kwao anadhani yametoka ng'ambo.

Na humo humo kwenye filamu kuna kipande cha The Lion Sleeps Tonight, wimbo uliozaliwa kwa jina la Mbube, alioimba Solomon Linda Johannesburg mwaka 1939. Alilipwa shilingi 10. Kundi la Marekani, The Tokens, likaufikisha namba 1 mwaka 1961, na Linda akafariki mwaka uliofuata akiwa fukara. Watoto wake walikuja kupata suluhu ya madai yao mwaka 2006. Hivyo ndivyo inavyokwenda jina la mwenye wimbo likipuuzwa: linaanza jina, kisha mirabaha.

Asije mtu hapa kuniambia napinga watu kuimba nyimbo za wenzao. Mimi nimelelewa na taarab. Juma Bhalo alitia mashairi ya Kiswahili kwenye mahadhi ya filamu za Kihindi, na tukampenda kwa hilo, kwa sababu kila aliyekuwa barazani alijua mahadhi yametoka wapi. Miriam Makeba naye aliipeleka Malaika mbali mno, hata ikaingia kwenye albamu yake na Harry Belafonte ya 1965 iliyopata Grammy. Mtunzi wake tunabishana mpaka leo, wengine Fadhili William, wengine Adam Salim. Sawa, tubishane! Ubishi huo ni heshima. Anayebisha anajua kwamba wimbo una mwenyewe.

Hawa wa stesheni hata ubishi hawana. Wako Mombasa, wanalipwa Mombasa, na wimbo wa Mombasa wanautoa sadaka hewani.

Kipindi kinarudi wiki ijayo siku kama ya jana. Nataka jina la Harrison litajwe, saa ile ile, kwa sauti ile ile iliyotudanganya. Wasipofanya hivyo, nitafunga kinyozi niibebe santuri ya babangu mpaka getini kwao. Nani anakuja nami?