Mnaoipa The Goods namba moja, hivi mmewahi kuuziwa gari bovu?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Kila mtu akiomba komedi ya wauza magari ya mtumba anatajiwa The Goods ya 2009, na wachangiaji wanashindilia kwamba hakuna kama hiyo. Jumamosi usiku nikairudia kwa ajili yenu. Nimekasirika kuliko mara ya kwanza.

Jeremy Piven na kundi lake wanaitwa Temecula, California, kumaliza magari ya yadi inayokufa, wikiendi ya Julai 4. Haya. Gari lipi kati ya yale lina ubovu gani? Nani aliuziwa, likamzimikia wapi? Sikumbuki hata boneti moja iliyofunguliwa! Ni kelele, matusi na wanawake wa kukatika viuno. Ile sehemu ya kumshambulia muuzaji mwenzao mwenye asili ya Asia baada ya hotuba ya Pearl Harbor (kambi ya Marekani iliyoshambuliwa na Wajapani mwaka 1941), studio yenyewe iliiombea radhi. Ondoa magari uweke majokofu, hakuna kitakachobadilika.

Halafu Used Cars ya 1980 mnaipita kama hamjaiona. Imeongozwa na Robert Zemeckis, miaka mitano kabla hajatoa Back to the Future! Inaanza na Kurt Russell anarudisha nyuma maili kwenye dashibodi, ili gari lionekane halijatembea sana. Baadaye anatega noti ya dola 10 kwenye uzi wa kuvulia samaki, anamvuta mteja wa yadi ya upande wa pili wa barabara hadi kwake. Jack Warden anacheza mapacha wenye yadi zinazotazamana. Mmoja yadi yake itabomolewa kupisha barabara kuu, anaitaka ya nduguye mgonjwa wa moyo. Anamtumia dereva wa mashindano ya kugonganisha magari, anajifanya mteja wa kujaribu gari, mzee anarudi hoi na kufa. Wauzaji wa marehemu, Kurt Russell akiwemo, wanamzika ndani ya Edsel, gari la zamani la Ford, palepale yadini, ili biashara isichukuliwe. Tangazo lao linachakachuliwa na yule pacha aliyebaki lidai wana maili nzima ya magari, kesi inafika kwa hakimu, na wanafunzi wa udereva wanaswaga magari 250 jangwani ili maili itimie. Kila kichekesho kimetoka kwenye kazi yenyewe.

Cadillac Man ya 1990 siigombei sana. Robin Williams anatakiwa auze magari 12 ndani ya siku mbili, na pale mwanzoni anapomtongozea gari mjane ambaye jeneza la mumewe limekwama njiani ni pazuri mno. Ila mtu mwenye bunduki akishaingia dukani, biashara imekufa, inabaki filamu ya mateka.

Hata Matilda ya 1996, filamu ya watoto, inaipita The Goods. Danny DeVito anamfundisha mwanawe kurudisha maili kwa drili ya umeme, anamwaga vumbi la mbao kwenye gia boksi gari linyamaze mpaka mteja aondoke. Na mnunuzi tunamwona! Mwalimu mkuu anauziwa mkweche, hasira anamshushia mtoto wa watu.

Mimi hili linanigusa. Mwaka 2017 nilinunua Toyota IST kwenye yadi moja hapa Dar, dashibodi inasoma kilomita 61,000. Fundi wangu hakuwasha hata injini. Aliinama akanionyesha pedali ya breki, mpira umelika mpaka chuma kinang'aa. "Kaka, hii ishavuka laki mbili." Nilikuwa nimeshalipa. Mwezi wa nne gia boksi ikafa, nikauza shamba dogo la Mkuranga kuinunua nyingine.

Ndiyo maana Kurt Russell akiinama kwenye ile dashibodi nacheka huku tumbo linaniuma. The Goods hainifanyi hata moja kati ya hayo. Anayeitetea aje na tukio moja tu lenye gari ndani yake. Moja. Nipo hapa nasubiri.