Siku moja North Berwick: boti ya Bass Rock, kilima cha Law, Tantallon au ufuo wa Yellowcraig?

Mlango_wa_Forth (mwanzisha mada)
Wakuu, naomba ulinganisho kutoka kwa wanaoujua mji wa North Berwick, Uskoti. Wageni ni bibi wa miaka 66 na wajukuu wawili, wa miaka 7 na 11. Wana siku moja tu, wiki ya tatu ya Julai, wakitokea Edinburgh kwa treni. Hawana gari. Wanafikiria mambo manne: boti ya kuzunguka Bass Rock, kupanda kilima cha Law, ngome ya Tantallon, au kutembea ufuoni hadi Yellowcraig. Kipi kitangulie, kipi kiachwe?

Matlai
Kabla ya kuchagua, tazama upepo. Mji umeelekea kaskazini, karibu na mdomo wa Firth of Forth, ghuba ndefu ya bahari, kwa hiyo upepo wa mashariki ukivuma siku mbili mfululizo, mawimbi ya Bahari ya Kaskazini huingia bila kizuizi. Siku kama hiyo safari za boti huweza kufutwa hata kama mjini jua linawaka. Upepo wa kusini magharibi hutoka nchi kavu, na hata ukiwa na nguvu kidogo bahari ya karibu hubaki tulivu.

Bahari ikiwa shwari, boti iwe ya kwanza, bila mjadala. Bass Rock ni jabali la volkeno la mita 107, na ni miongoni mwa makao makubwa zaidi duniani ya ganeti wa kaskazini, ndege mweupe mwenye ncha nyeusi za mabawa na upana wa karibu mita 1.8. Hata jina lake la kisayansi, Morus bassanus, limetoka kwenye jabali hili. Hesabu ya mwaka 2014 ilipata viota zaidi ya 75,000. Homa ya mafua ya ndege ya 2022 iliua wengi sana, na inauma kuliangalia jabali ukijua hilo, lakini bado ni jeupe kwa ndege. Wakikaribia, mwonyeshe yule wa miaka 11 macho yao: baadhi ya walionusurika rangi ya jicho imegeuka kutoka samawati hafifu kuwa nyeusi.

Nanga_Leith
Naunga mkono, ila aina ya boti ndiyo inayoamua kama bibi atafurahi. Kuna katamarani, boti pana yenye matumbo mawili, na kuna boti ya mpira ya kasi. Ya mpira unakaa kama uliyepanda farasi, na kila wimbi linapiga mgongoni. Kwa mtu mwenye mgongo au magoti mabovu haifai, na kwa watoto kuna masharti ya umri au kimo, yasomeni kabla ya kulipa. Katamarani ina benchi na haiyumbi sana.

Mambo matatu huwakosesha watu safari:
- Bandari hukauka maji yakipwa, hivyo mahali pa kupandia hubadilika kufuata maji. Ulizeni asubuhi hiyohiyo, mfike nusu saa kabla.
- Dawa ya kichefuchefu cha bahari imezwe saa moja kabla ya kuondoka. Ukishaanza kutapika haina kazi tena.
- Nguo. Julai mjini ni fulana, lakini majini panataka jaketi la kuzuia upepo, sweta na kofia. Kofia iwe pana, maana ganeti wakipita juu hudondosha.

Pafini, yule ndege mdogo mwenye mdomo wa rangi rangi, hupatikana zaidi Craigleith, kisiwa kilicho karibu na mji. Wiki ya tatu ya Julai bado wapo. Kuanzia mwisho wa mwezi huondoka kwenda bahari kuu, na kufikia Agosti mtu anaweza asimwone hata mmoja. Ganeti hana haraka hiyo: anakuja kuanzia Februari na kubaki hadi Oktoba. Kwa hiyo wasiache safari kusubiri wiki nzuri zaidi.

Mpanda_vilima
Msiidharau Law. Ni mita 187 tu, lakini imesimama peke yake kwenye uwanda, na ukiwa juu unaona Bass Rock, kisiwa cha Isle of May na pwani ya Fife ng'ambo. Kutoka kituo cha treni hadi mguu wa kilima ni kama dakika 25, kisha dakika 20 hadi 30 za kupanda. Kileleni kuna magofu ya mnara wa walinzi wa enzi za vita vya Napoleon, na tao la taya za nyangumi. Taya zimekuwapo tangu 1709. Za mwisho ziliondolewa 2005 kwa kuoza, na tao la sasa, la mwaka 2008, ni la fibaglasi.

Kinachoharibu mambo ni kushuka. Majani yakiwa na unyevu huteleza kama sabuni, na watu hukatiza moja kwa moja badala ya kufuata njia inayozunguka. Viatu vyenye meno, si raba laini. Farasi wadogo wanaokula majani pale msiwalishe. Mtoto wa miaka 7 anaweza. Bibi asilazimishwe: mteremko wa mwisho ni mkali, na hakuna pa kushika.

Jabali_Jekundu
Tantallon ni nzuri mno, lakini bila gari inakula nusu siku. Iko kama kilomita 5 mashariki ya mji, na mnategemea basi la kwenda Dunbar ambalo si la kila dakika chache, kwa hiyo andikeni saa ya kurudi kabla ya kuingia. Ngome ni ya katikati ya karne ya 14, ya ukoo wa Douglas: pande tatu ni genge na bahari, upande wa nne ukuta mmoja mnene wa mawe mekundu. Jeshi la Cromwell, jemadari wa Kiingereza, liliipiga mizinga mwaka 1651, na mapengo bado yanaonekana. Ngazi za ndani ni za mzunguko, nyembamba, zimelika katikati. Mtoto ashikwe mkono.

Boti ikifutwa, hapa ndipo pa kukimbilia. Bass Rock iko mbele yenu kabisa, na kwa darubini ya 8x42 mnawaona ganeti wakijitupa majini bila kulowa. Kutoka pale msijaribu kwenda ufuo wa Seacliff kwa kupita chini ya majabali. Rudini barabarani.

Maji_Mafu
Nazungumzia Yellowcraig, maana wengi huiona ni matembezi tu. Ni kama kilomita 5 kuelekea magharibi, na mbele ya ufuo kipo kisiwa cha Fidra chenye mnara wa taa wa 1885. Maji yakiwa yamepwa, mnatembea juu ya mchanga mgumu, safi kabisa. Bamvu, yaani siku za maji makubwa, hapa hufikia karibu mita 5 kati ya kujaa na kupwa, zaidi ya ile ya Unguja au Mombasa, na maji mafu, siku za maji madogo, karibu nusu yake. Na maji hayaingii kwa mwendo mmoja: katika saa ya tatu na ya nne baada ya kupwa, nusu ya maji yote huingia. Ukiwa umekaa nyuma ya miamba hujui hadi njia imefunga.

Anzeni saa mbili kabla ya kupwa. Yakiwa yamejaa mtasukumwa hadi ukingoni mwa uwanja wa gofu, na mpira wa gofu ni jiwe linaloruka. Mlango kati ya Yellowcraig na Fidra haukauki hata siku ya bamvu, hivyo mtu asijaribu kuvuka. Kurudi, pandeni hadi kijiji cha Dirleton mkachukue basi.

Mlango_wa_Forth
Ahsanteni sana. Basi: katamarani asubuhi, Law alasiri kwa mkubwa, nikienda naye mimi, bibi na mdogo wabaki ufuoni. Je, njia ya miguu ya John Muir Way kuelekea Dunbar haipiti pwani?

Mpanda_vilima
Hapana, na ramani huwapoteza wengi. Njia nzima ni kilomita 215, kutoka Helensburgh hadi Dunbar, lakini baada ya North Berwick inaingia bara hadi East Linton kabla ya kurudi baharini. East Linton ina kituo tangu Desemba 2023, ila treni yake haiendi North Berwick. Kurudi mnabadilisha treni njiani. Iacheni kwa siku nyingine.

Matlai
Kwa bibi na mdogo: ufuo wa mashariki, Milsey Bay, una bwawa la kina kifupi linalojazwa na maji ya bahari. Yanatulia, lakini Julai ni kama nyuzi 13 au 14, kwa hiyo dakika kumi kisha taulo na chai ya moto kwenye chupa.

Na ukungu. Hewa ya joto ikipita juu ya bahari baridi hufanya wingu linalokaa chini, na upepo mwepesi wa mashariki hulisukuma hadi mjini ndani ya dakika chache. Likiingia, Law haina maana, hamtaona hata tao. Mpangilio wa siku ugeuzwe: bwawa kwanza, kilima baadaye. Jua huzama karibu saa nne kasoro usiku mwezi huo, muda upo. Mkiona mtu amezingirwa na maji, pigeni 999 na muombe Coastguard, yaani walinzi wa pwani. Msimfuate.