Nina jaketi la rubani la Vita vya Pili kutoka kwenye mtumba, niuze sasa au nilitengeneze kwanza?

Mchaguzi wa Karume
Wakuu, naombeni ushauri wa haraka, usingizi sipati. Nina jaketi la ngozi la marubani wa Jeshi la Majini la Marekani, la wakati wa Vita vya Pili. Kahawia iliyokolea, kola ya manyoya ya kondoo, nyuma ya mabega kuna mikunjo miwili inayofunguka ukinyoosha mikono. Limetoka kwenye belo. Kuna mteja yuko nje amefika dola 150, yeye analiita G-1, jina la aina ya jaketi la marubani hao. Fundi naye anataka kubadilisha zipu na pindo za kufuma zilizoliwa na nondo, anasema bei itapanda. Nifanyeje?

Fundi Ngozi
Mkimbie fundi huyo, na mimi ni fundi. Zipu yake ya chuma ibaki hata kama inakwama, wakusanyaji wanataka ilivyotoka kiwandani. Usilipake rangi ya viatu, usilifue, usilianike juani. Litundike kwenye hanga pana, na usilifunge kwenye nailoni, kwa unyevu wa Dar litaota ukungu.

Mama Shufaa
Mmenikumbusha marehemu baba, alikuwa kuli bandari ya Tanga. Baharia mmoja alimwachia koti la ngozi zito kama gunia la mchele. Alipofariki, kaka zangu walilikata wakatengeneza mikanda na ala za visu. Leo nasikia dola 150, moyo unaniuma. Mwanangu, belo lenyewe la nani?

Mchaguzi wa Karume
Mama, swali langu ni zipu na bei.

Mama Shufaa
Na langu ni belo.

Mchaguzi wa Karume
La bosi. Mimi namfungulia, nachambua na kuuza mezani. Lakini sikuiba! Alitaja elfu ishirini kwa mdomo wake, nikamlipa mkononi. Nisingelichukua mimi, lingeondoka na bodaboda. Tena mteja nimeshamwambia ndiyo.

Kijana wa Manzese
Bodaboda angependeza nalo mvua za masika. Mkuu hujakosea, biashara ni macho.

Ustaadh Mpole
Macho yale bosi anayalipia mshahara. Kama ulijua thamani ukanyamaza, mwendee mgawane.

Mzee wa Nyaraka
Hii chai. Jina G-1 lilianza 1947, vita viliisha 1945. Jaketi la vita linakuwaje G-1? Picha hakuna, lebo hakuna, ila dola zipo.

Kijana wa Manzese
Chai yenyewe ina tangawizi, leteni vitumbua.

Mchaguzi wa Karume
Mzee, soma tena. G-1 ni neno la mteja. Lebo ya shingoni imeandikwa M-422A, ina namba ya mkataba na jina Willis & Geiger. Nyuma ya kola kuna herufi USN, yaani Jeshi la Majini la Marekani, zimepigwa kwa rangi. Picha siweki, bosi wangu naye ni mwanachama humu.

Mzee wa Nyaraka
Ungeanza na hayo. M-422A ndiyo ya vita, ilitangulia G-1, na Willis & Geiger walishona kweli. Ila Japani na Uingereza kuna watu wanaiga mpaka lebo. Angalia uzi wa lebo: mishono yake imechakaa sawa na bitana, au lebo imeshonewa juu baadaye? Ngozi iwe ya mbuzi, utaona vinyweleo vyake. Kama ni halisi, mkusanyaji gani huyo anayekosea jina? Akiliita G-1 analishusha liwe la baada ya vita, na bei inashuka nalo.

Ustaadh Mpole
Kwa hiyo mteja anajua, na yeye amenyamaza.

Mchaguzi wa Karume
Mimi nililipa nilichoambiwa, Ustaadh, usitufananishe. Mishono ya lebo imechakaa pamoja na bitana, nimetazama sasa hivi. Mteja ameandika tena, anataka picha ya lebo. Nimtumie?

Fundi Ngozi
Mtumie kola na mgongo. Lebo bado.

Mama Shufaa
Kwanza mpigie bosi wako.

Mzee wa Nyaraka
Mtajie mteja M-422A kwa maandishi, bila bei yoyote, uone dola 150 zinaishia wapi. Na lile "ndiyo" lako, ulilisema kabla au baada ya kusoma lebo?